Afande Anakuita



Kwenye semina za vijana huku kwetu Songea huwa kuna kisanduku cha maswali. Mnakijua. Karatasi zinakunjwa mara nne, hazina majina, na frateri ndiye anayepewa kazi ya kuzisoma mbele za watu. Mengi nayajua hata kabla sijafungua: kuchumbiana na mtu wa dini nyingine, kubeti mechi kama ni dhambi, kwa nini mapadre hawaoi. Safari hii ilitoka moja ambayo sikuisoma kwa sauti. Ilisema hivi, nami nimenyoosha maneno kidogo tu: nimemaliza kidato cha sita, naenda JKT, tunaambiwa kazi ya kuruta ni kutii, sasa afande akikuita usiku kwake, ukikataa umekaidi amri, ukienda akakulazimisha umetenda dhambi, mtu afanye lipi?

Niliitia mfukoni. Swali la namna hiyo halijibiwi kwa dakika mbili huku watu wananusa wali jikoni.

Majibu yetu ya haraka tunayajua. Dada, vaa kwa heshima. Usitembee peke yako gizani. Sali Rozari. Ni mashauri mema, na mengine ningempa mdogo wangu mwenyewe. Lakini hebu tazama yanaelekezwa kwa nani. Yote yanamwendea mtu mmoja, naye ndiye mwenye cheo kidogo kuliko wote pale kambini. Hakuna hata moja linalomgusa aliyeita.

Kwa asiyefahamu: Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Mafunzo ya lazima kwa wasomi, yale ya mujibu wa sheria, yalisitishwa 1994 yakarudishwa 2013, na tangu hapo kila mwaka wahitimu wa kidato cha sita wanapangiwa makambi. Moja la makambi hayo, Mlale, liko hapahapa Songea. Siandiki kulishtaki Mlale wala kambi lingine lolote. Vijana wengi wa parokia zetu wamepita JKT wakarudi wamenyooka mgongo, wanaamka mapema kuliko sisi wa seminari, na wasichana wanasimulia kwata na mchakamchaka kwa fahari kabisa. Swali la kikaratasi lina uzito hata kama mwaka huu hakuna aliyeguswa popote, kwa sababu linahusu kila mahali ambapo mtu mmoja amepewa mamlaka juu ya saa ya mwenzake kuamka, saa ya kula, mahali pa kulala na ruhusa ya kwenda nyumbani.

Mimi naishi kwa kengele. Siku moja, Mungu akipenda, nitaweka mikono yangu ndani ya mikono ya askofu na kuahidi utii. Kwa hiyo utii siudharau. Jeshi lisilo na utii ni kundi la watu wenye bunduki, na utii huo haufundishwi kwa maelezo, unafundishwa kwa mwili: unaitwa, unakimbia, unaambiwa lala chini, unalala, hata kwenye tope. Kuna kanuni inayosemwa sana kuhusu jeshi: tii kwanza, lalamika baadaye. Kwa shimo lililochimbwa bila sababu kanuni hiyo haina shida, maana shimo hufukiwa. Ila zipo amri ambazo ukishatii, hakuna "baadaye" inayorudisha kitu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alilifikiria jambo hili katika karne ya 13. Kwenye ile sehemu ya Summa inayohusu utii anauliza kama walio chini wanapaswa kuwatii wakubwa wao katika yote. Anajibu hapana. Askari, anasema, anamtii kamanda wake katika mambo yanayohusu vita. Mtumishi anamtii bwana wake katika kazi ya utumishi. Halafu anataja mambo ambayo hata mtumwa hapaswi kumtii bwana wake wala mtoto mzazi wake: kuoa au kuolewa, kulinda ubikira, na mengine ya namna hiyo yanayohusu maumbile ya mwili. Zingatia kwamba anazungumzia zama za utumwa, wakati bwana alihesabiwa kuwa na mamlaka karibu juu ya kila kitu. Hata hapo Thomas anaweka uzio. Cheo kinatawala kazi. Nje ya kazi hiyo, mwenye nyota begani na kuruta wamesimama sawa mbele ya Mungu.

Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya swali ina jibu, na si gumu. Mwito wa usiku wa namna ile hauwi amri kwa sababu tu umetoka kinywani mwa afande. Anayeukataa hajavunja utii. Aliyeuvunja ni yule aliyetumia sauti ya taifa kwa ajili ya tamaa yake.

Mambo yanakuwa magumu hapo mbele. Kujua kwamba una haki ya kukataa ni kitu kimoja. Kuweza kukataa saa nne usiku, una miaka 19, uko mkoa usioujua, simu zilikusanywa siku ya kuripoti, na huyo anayekuita ndiye anayepanga lindo na adhabu za kesho, hicho ni kitu kingine kabisa.

Aristotle ana mfano wa nahodha ambaye dhoruba inampiga, akatupa mizigo baharini ili kuokoa watu. Je, alitupa kwa hiari? Mikono ni yake, uamuzi ni wake. Lakini hakuna mtu anayetupa mali baharini kwa kupenda. Aristotle anayaita matendo kama hayo mchanganyiko, na Thomas anamfuata anapojadili yale tunayoyafanya kwa hofu. (Walimu wangu wa falsafa wanisamehe, nimefupisha kurasa nyingi.) Ninachotaka mkione ni hiki: "ndiyo" iliyotolewa chini ya hofu haituambii mtu alitaka nini. Inatuambia dhoruba ilikuwa kubwa kiasi gani. Nahodha angalau anapambana na upepo, na upepo hauna nia. Kambini dhoruba ina jina, ina cheo, na asubuhi inasimama mbele ya paredi ikiwa imenyoosha nguo kwa pasi.

Sheria yetu inalijua hili kuliko mazungumzo yetu ya mtaani. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ridhaa iliyopatikana kwa nguvu, vitisho au kumtia mtu hofu ya kuumizwa haihesabiki kuwa ridhaa. Kikaendelea kutaja watu wanaobaka kwa kutumia nafasi zao: mwenye mamlaka dhidi ya mwanamke aliye chini yake kikazi, mtumishi wa mahabusu, mtumishi wa hospitali, mganga wa kienyeji. Na kiongozi wa dini. Ndiyo, tumo kwenye orodha hiyo hiyo, na nadhani waliotuweka walijua wanachofanya. Ipo pia Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, ambayo kifungu chake cha 25 kinamhusu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, kupandisha cheo au haki nyingine. Ruhusa ya kwenda nyumbani ni haki. Kuingia kwenye orodha ya watakaoendelea na jeshi ni nafasi ya mtu kupigania maisha yake.

Sasa, ili msidhani nazungumza nadharia.

Eritrea, huko kaskazini mwa Afrika Mashariki, tangu mwaka 2003 wanafunzi wanamalizia mwaka wa mwisho wa sekondari kwenye kambi la kijeshi la Sawa, wavulana kwa wasichana. Umri ni ule ule wa vijana wetu. Utumishi unaofuata, kisheria ni miezi 18, lakini kwa wengi umekuwa wa miaka isiyojulikana. Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa iliyotoa ripoti zake 2015 na 2016 ilisikiliza watu wengi waliopita huko, ikaeleza jinsi maofisa walivyowachukua wasichana wa kambini kuwapikia na kuwafulia, kisha kuwalazimisha zaidi ya hapo, na jinsi aliyekataa alivyoadhibiwa kwa visingizio vya nidhamu au kunyimwa likizo. Serikali ya Eritrea ilizikana ripoti hizo. Lakini wazazi walikuwa na hesabu yao wenyewe: kuna wasichana walioacha shule na kuozwa mapema, au kubeba mimba, ili tu wasipelekwe Sawa. Fikiria mama anayeona ndoa ya binti mdogo ni hifadhi kuliko jeshi la nchi yake. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki wa Eritrea waliandika barua ya kichungaji kuhusu vijana wanaoikimbia nchi na familia zinazosambaratika, wakaipa jina kutokana na swali la Mungu kwa Kaini kuhusu ndugu yake. Kuandika barua kama ile, katika nchi kama ile, kulihitaji moyo.

Lakini tusiishie Afrika, tutajidanganya kwamba ni suala la umaskini. Uingereza, Kamati ya Ulinzi ya Bunge ilitoa taarifa Julai 2021 baada ya kupata maoni ya wanawake zaidi ya 4,000, walio jeshini na waliostaafu. Asilimia 62 walikuwa wamepatwa na uonevu, ubaguzi, kusumbuliwa au kushambuliwa kingono. Mwisho wa mwaka huo huo, Jaysley Beck, askari wa mizinga mwenye miaka 19, alikutwa amejiua katika kambi la Larkhill. Miezi michache nyuma alikuwa ameripoti kwamba mkubwa wake wa kazi alimshika kwa nguvu na kutaka kumbusu. Jeshi lililishughulikiaje? Mkubwa yule aliandika barua ya kuomba radhi, akapewa adhabu ndogo ya kiofisi, faili likafungwa. Mwaka 2025 mchunguzi wa vifo alikuta kwamba kushindwa kwa jeshi kuchukua hatua zilizostahili kulichangia kifo chake, na mwaka huo huo yule mkubwa, aliyekwisha kustaafu, akakiri kosa mbele ya mahakama ya kijeshi na kufungwa.

Barua ya kuomba radhi. Hapa nasimama kidogo, maana sisi Wakatoliki ni rahisi kuipenda barua hiyo. Mkosaji ametubu, si ndiyo? Basi asamehewe, tusonge mbele. Huku kwetu tunasema yaishe kifamilia, tusianike nguo za ndani barabarani. Lakini msamaha ni mali ya aliyekosewa. Kamanda hana mamlaka ya kuutoa kwa niaba yake, wala kumuamuru autoe, kama vile mimi siwezi kusamehe deni ambalo wewe unamdai mtu. Na hata kwenye kitubio padre hakuulizi tu kama umejuta. Kuna malipizi, kuna kurekebisha ulichoharibu kadiri inavyowezekana. Barua iliyompa mkosaji nafasi ya kubaki na cheo chake, huku binti akiendelea kupiga saluti kwenye korido zile zile, haikurekebisha kitu.

Marekani walijifunza kwa damu. Vanessa Guillén, miaka 20, aliuawa na askari mwenzake ndani ya kambi la Fort Hood, Texas, Aprili 2020. Alikuwa ameshaiambia familia yake kwamba anasumbuliwa kingono kambini, na aliogopa kupeleka malalamiko. Kelele zilizofuata zilibadilisha sheria. Zamani, kamanda wa kikosi ndiye aliyeamua kama askari wake atashtakiwa kwa ubakaji au la. Yaani mwenye aibu ya kikosi ndiye aliyeshika ufunguo wa kuifichua. Tangu mwisho wa mwaka 2023 uamuzi huo uko kwa waendesha mashtaka maalumu walio nje ya mnyororo wa amri. Kwa maoni yangu hilo moja lina maana kuliko semina mia za maadili. Tamaa ipo kila mahali, hata seminari. Kinachotofautisha mahali na mahali ni kama aliyeumizwa ana mtu wa kumwendea ambaye hali mkate na aliyemuumiza.

Kanisa letu lilichelewa kulielewa hilo, na lilijifunza kwa aibu. Ile sehemu ya Sheria ya Kanisa inayohusu adhabu ilirekebishwa mwaka 2021, na sasa kanuni ya 1395 inamtaja waziwazi kleri anayetenda dhidi ya amri ya sita kwa nguvu, kwa vitisho au kwa kutumia vibaya mamlaka yake. Mamlaka yamewekwa pamoja na nguvu na vitisho. Aliyeandika alijua kwamba kanzu, kama gwanda, inaweza kumfunga mtu mdomo bila kofi hata moja.

Nirudi kwenye Biblia. Fungua kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 13, usome polepole, ukihesabu watu. Amnoni mwana wa mfalme anamtamani Tamari, dada yake kwa baba. Yonadabu, rafiki mwenye akili nyingi, anamchorea mpango: jifanye mgonjwa. Mfalme Daudi anakuja kumwona mgonjwa, kisha yeye mwenyewe anatuma ujumbe kwa Tamari aende akampikie kaka yake. Ona basi: Tamari hakwenda kutembea. Alikwenda kwa amri ya mfalme. Amnoni anaagiza kila mtu atoke nje, na wote wanatoka. Tamari anakataa, anasihi, anatoa sababu moja baada ya nyingine. Hakuna anayeweza kusema alinyamaza. Baada ya uovu kutendeka, Amnoni anamwita mtumishi: mtoe huyu nje, funga mlango. Mtumishi anamtoa, anafunga komeo. Absalomu anamwambia dada yake anyamaze, kwa kuwa ni ndugu yake. Daudi anasikia, anakasirika sana, na hafanyi chochote. Angefanya nini? Sura mbili nyuma alikuwa ametuma wajumbe kumchukua mke wa askari wake, wakati askari huyo yuko vitani.

Umehesabu? Mbakaji ni mmoja. Lakini yuko aliyepanga, yuko aliyetuma, wako waliotoka nje, yuko aliyefunga komeo, yuko aliyesema nyamaza, na yuko aliyekasirika tu. Sita au zaidi, na karibu wote walikuwa wanatii, au wanalinda familia, au wanaepuka matatizo. Tamari peke yake ndiye aliyesema hapana ndani ya nyumba nzima.

Sehemu ya pili ya swali: ukilazimishwa, umetenda dhambi? Hapana. Hujatenda. Mwaka 410 Wagothi walipouteka mji wa Roma, wanawake Wakristo walibakwa, hata mabikira waliowekwa wakfu, na kuna waliowacheka. Mtakatifu Augustino akaanza kitabu chake cha Mji wa Mungu na jambo hilo: usafi ni fadhila inayokaa katika nia, na tamaa ya mtu mwingine haiwezi kuuondoa kwa mtu asiyeridhia. (Kuna sehemu humo anakisia kwa nini Mungu aliruhusu, mimi nisingethubutu kumwambia hayo mtu aliyeumizwa. Kwenye hoja kuu yuko sahihi.) Kama kuna dada anasoma hapa, na amekuwa akibeba kitu hicho kwenye kitubio kana kwamba ni kosa lake, naomba anisikie: hukuwa na la kuungama pale. Nenda kwa padre ukitaka faraja na sala. Hukumu haikuhusu.

Na hapa naomba tuwe waangalifu na watakatifu wetu. Tunawasimulia wasichana habari za Maria Goretti na za Mwenyeheri Anuarite wa Kongo kwa namna inayowaacha na somo moja tu: bora kufa. Asiyekufa basi anajiuliza kama alipigana vya kutosha. Mtakatifu hakutangazwa ili awe kipimo cha kumhukumu aliyenusurika. Anuarite tumtazame vizuri, kwa sababu kisa chake ni cha kijeshi kabisa. Usiku wa kuamkia 1 Desemba 1964, Isiro, kanali wa waasi wa Simba alimtaka. Mwingine, Kanali Olombe, ndiye aliyemuua. Wote walikuwa na bunduki na amri mkononi. Tunalosahau kusimulia ni kwamba mama mkuu wake, Kasima, alikataa kumtoa, na masista wenzake hawakutaka kutenganishwa naye. Hakuna aliyetoka nje alipoambiwa atoke. Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa mwaka 1985, na kila ninaposoma habari zake nawaona na wale masista wengine waliobaki mle ndani pamoja naye.

Najua kuna atakayesema: ndiyo maana wanawake wasiende jeshini. Hapa Songea hoja hiyo haisimami vizuri. Kila tarehe 27 Februari tunawakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na kati yao yumo mwanamke, Nduna Mkomanile. Amiri Jeshi Mkuu wa nchi hii tangu 2021 ni mwanamke. Kenya, Meja Jenerali Fatuma Ahmed alikabidhiwa Jeshi la Anga mwaka 2024. Ukimwondoa Tamari nyumbani, Amnoni anabaki vilevile, na mtumishi wa mlangoni naye anabaki. Atatafuta komeo lingine la kufunga. Tena wavulana nao hushambuliwa makambini, na kwao aibu huwa nzito kiasi kwamba wengi hawasemi kabisa.

Kwa wanaokwenda, mambo machache ya kawaida. Ukiitwa mahali pasipo pa kazi, muda usio wa kazi, uliza mbele ya watu: naitwa kwa kazi gani, afande? Mjulishe matroni au kiongozi wako wa kombania, uombe mwenzako akusindikize. Ikitokea umeumizwa, wahi hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifanyi kazi ukichelewa zaidi ya hapo. Usioge wala kufua nguo kwanza, kama unaweza kujizuia, maana huo ni ushahidi. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu ya PF3 wanatoa wao. Huhitaji ruhusa ya kamanda wako ili uwe raia wa Tanzania.

Lakini niliyemfikiria sana wakati naandika ni mvulana. Kijana wetu wa TYCS, mhudumu wa altare wa zamani, ambaye naye yuko kambini, miaka 19, amechoka, na anaambiwa: kimbia hanga la wasichana, kamwite fulani, mwambie afande anamuita. Yeye si Amnoni. Hana nia mbaya hata kidogo. Anatii tu, na akirudi kulala hataulizwa na mtu. Ndugu yangu, wewe ndiye mjumbe wa mfalme, na hilo komeo liko mkononi mwako. Najua nawe unaogopa. Adhabu ya kesho itakupata wewe pia. Huenda huwezi kumkatalia afande usoni. Basi mpitie matroni kwanza, umwambie umetumwa nini na nani. Mwite yule binti kwa sauti, wenzake wote wasikie anaitwa na nani. Waambie waje wawili. Tembea nao mpaka mlangoni, ugonge, useme: afande, nimemleta, nami nipo hapa nje namsubiri nimrudishe. Ukiambiwa ondoka, jifanye hujasikia vizuri.